Pale Besi Inapokaa Kimya

Kabula, mwanangu,

Salamu siziandiki, maana kabla wino haujakauka utakuwa umeingia mlangoni na kapu la bibi yako, na salamu za Ntalikwa utanipa mwenyewe kwa mdomo. Ni Jumapili alasiri. Mama yako yuko uani anazipiga pasi sare zako mara ya pili, utadhani zinakunjamana kwa kuangaliwa, nami nimekaa kwenye meza ya kulia na kalamu ya bluu. Ile nyekundu nimeiacha kibandani makusudi.

Mambo ya chandarua, ndoo, namba ya simu ya shangazi yako wa Mwanza na begi gani lisiwekwe kwenye buti la basi, mama yako amekwisha kukuambia mpaka nadhani unayaota. Mimi siingii huko. Ualimu unaokwenda kuusomea Mwanza utauweza, na kwa kupika ulinishinda tangu darasa la sita. Nina jambo moja tu, na linahusu karatasi moja. Ningelisema kwa mdomo, lakini unanijua: nikianza kusema kitu kizito naishia kueleza habari za cheni za baiskeli.

Karatasi yenyewe ni ule wimbo wa matoleo, wimbo wa jembe. Nataka kukuomba radhi kwa nilichoufanyia, na nataka uanze kutunga tena. Hilo la kwanza ni haki yako. La pili ni tamaa yangu, na unaweza kunikatalia.

Lakini kwanza nivumilie nikueleze nilivyoanza mimi. Wewe hujawahi kuniona nikiwa sijui kitu. Ulipopata akili, mimi tayari nilikuwa Mwalimu wa kwaya, nimesimama mbele na mkono juu, watu wazima wananiangalia kidole. Mtoto akimwona baba yake hivyo kila Jumapili anaweza kudhani alizaliwa hivyo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kibarua kwenye mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku, kule Sikonge. Kazi yangu ilikuwa kuchochea moto ili majani yakauke taratibu, na moto wa bani hautaki haraka, kwa hiyo una muda mwingi wa kukaa bila kazi. Katekista wa pale, mwalimu Petro, alikuwa anakuja na kipande cha mkaa na kutuandikia nota kwenye ubao wa mlango: do, re, mi, mpaka mwisho wake. Alitufundisha kwamba ukiweka kistari baada ya nota, sauti inaendelea. Ukiacha nafasi tupu, sauti inanyamaza. Nililiandika hilo kwenye daftari, nikaulizwa siku ya pili nikajibu vizuri, nikasifiwa. Na sikulielewa kwa zaidi ya miaka ishirini.

Wimbo wangu wa kwanza ulinijia nikiwa nasukuma baiskeli kwenye mchanga, kati ya Sikonge na Tabora, mzigo wa asali umefungwa nyuma. Nilisimama barabarani. Nasema kweli, Kabula. Nilidhani Mungu amenichagua. Nikauimba njia nzima nisiusahau, nikafika nyumbani kwa mama nikiwa sijanywa hata maji, nikamwambia, "Mama, kaa chini, nimetunga wimbo." Akakaa. Nikaanza kuimba. Nilipofika katikati ya mstari wa pili, bibi yako akanipokea, akaumalizia wote mpaka mwisho, kwa maneno yake ya Kinyamwezi, huku anapeta mpunga.

"Huu si tuliuimba kwenye harusi ya mjomba wako?" akaniuliza.

Nilinuna siku mbili. Sikujua kwamba ndivyo inavyoanza kwa kila mtu. Kichwa cha mtungaji mpya kimejaa nyimbo za watu, na zikimwagika yeye anadhani ni zake. Hakuna cha kufanya isipokuwa kuendelea kuzimwaga. Nimetunga labda nyimbo tisa za watu wengine kabla sijapata mstari mmoja ambao mama hakuweza kuumalizia. Siku hiyo aliniangalia tu, akasema, "Huu siujui." Hajawahi kunipa sifa kubwa kuliko hiyo.

Baadaye nikahamia mjini, nikafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli Mtendeni, nikaingia kwaya ya kigango. Mwalimu aliyekuwepo alipohamishwa wakanipa mimi, si kwa sababu nilikuwa fundi, ni kwa sababu nilikuwa na daftari. Palikuwa na kinanda kimoja kizee, na nilijua kukipiga kwa namna moja tu, do ikiwa palepale siku zote, vidole vikitembea kwenye vitufe vyeupe. Kitufe cha fa kilikuwa kimekufa. Ukikibonyeza kinatoa mlio wa kijiti. Basi nikawa natunga kwa kukikwepa bila kujua ninakikwepa. Nyimbo zangu za mwaka ule zote hazina fa. Ziko kwenye boksi juu ya kabati, zihesabu ukipenda, hutaiona hata moja. Mgeni kutoka kwaya nyingine aliniuliza kama ni mtindo wangu. Nikamjibu kwamba ndiyo, ni mtindo wangu, na nikaeleza kwa kirefu.

Unacheka? Cheka. Nakuambia haya kwa sababu nimekuona unavyojikunyata mbele ya kosa, na najua nani alikufundisha kujikunyata.

Kisha kuna Mzee Kashindye, yule wa besi, aliyekuwa mzee tangu mimi kijana na hajaongeza hata siku. Nilipoleta wimbo wangu wa kwanza wa sauti nne nilikuwa nimejaza kila mahali. Niliona nafasi kwenye karatasi kama shamba lisilolimwa. Nikipata upenyo napanda nota. Tuliuimba mara mbili. Mara ya tatu Mzee Kashindye akakaa kwenye benchi, akavua kofia, akajipepea.

"Mwalimu," akasema, "wimbo ni mzuri. Ila sisi tunapumulia wapi?"

Kwaya nzima iliangua kicheko. Mimi nilikasirika, nikamwambia kama amechoka kuna viti vya wazee kule nyuma. Wiki iliyofuata nikaweka alama za kupumua, ndogondogo, kama mtu anayetoa sadaka huku ameshika ncha ya noti. Nikadhani nimejifunza. Nilijifunza kuwaachia watu pumzi. Kunyamaza sikujifunza. Ni vitu viwili, na ni wewe uliyenionyesha tofauti yake, ukiwa na miaka kumi na sita.

Sasa nafika pale nilipokuwa nazunguka.

Ulikuwa umemaliza kidato cha pili. Likizo yote ulikaa Ntalikwa unapiga matuta na bibi yako na wanawake wa kikundi chake, wale wanaolimiana kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Ulirudi na malengelenge mikononi na daftari la mistari. Ulikuja kibandani mchana, nilikuwa nimeegemeza baiskeli ya mteja kichwa chini. Ulisubiri mpaka nilipomaliza kuziba pancha. Ukasema, "Baba, naomba uniangalizie hiki." Na ukaongeza, neno kwa neno, maana nimelirudia kichwani mara nyingi mno: "Ila usibadilishe kitu kabla hujauimba, baba."

Nikasema sawa. Ukaenda. Nikafuta mikono, nikachukua kalamu nyekundu, na sikuuimba.

Niliusoma tu kwa macho, kama mtu anayekagua risiti. Soprano nzuri. Alto imekaa mahali pake, nikashangaa. Teno ilikuwa inapanda kidogo, nikaishusha. Halafu besi. Kila mwanzo wa mstari, kwenye pigo la kwanza, besi hakuna kitu. Nafasi tupu. Sauti tatu zinaingia, na besi wamesimama. Pigo la pili ndipo wanashuka, wote pamoja, chini kabisa. Mstari wa kwanza hivyo, wa pili hivyo, mpaka mwisho. Nikatikisa kichwa. Nikajiambia, huyu mtoto amesahau. Nikajaza kila nafasi kwa wino mwekundu. Do hapa, so pale. Ilinichukua dakika chache tu, na nilijisikia mtu muhimu sana.

Uliporudi jioni nikakuambia, "Kazi nzuri mama, ila besi umeisahau mwanzoni, mistari yote."

"Sijasahau, baba."

"Besi ndiyo msingi. Wakinyamaza, watu watadhani wamepotea."

"Lakini baba, uliuimba?"

"Mimi naona kwa macho, Kabula. Hii kazi nimeianza kabla hujazaliwa."

Ukasema, "Sawa, baba." Unayo hiyo sawa yako, umeirithi kwa mama yako. Ikitoka, mlango umefungwa na ufunguo umetupwa kisimani.

Hayo yangekuwa makosa ya mwalimu mbaya tu, na mwalimu mbaya husamehewa. Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Misa ya mavuno ikakaribia na sikuwa na wimbo mpya wa matoleo. Niliukopi wa kwako kwa mwandiko wangu, safi, pamoja na besi yangu. Nikafika kwenye kona ya juu kulia, pale panapoandikwa jina la mtunzi. Kwenye karatasi yako ulikuwa umepaacha wazi. Watungaji wapya wanaona aibu kuandika majina yao, nami nilikuwa hivyo. Nikakaa na kalamu hewani. Kisha nikaandika langu.

Nilijipa sababu nyingi. Nilijiambia nimeusahihisha sana kiasi kwamba ni wangu nusu. Nilijiambia wanakwaya hawatauheshimu wimbo wa mtoto wa shule, kwa hiyo nakusaidia usikike. Nilijiambia nitasahihisha baadaye, tukishazoea kuuimba. Yote hayo ni maneno ya mtu anayejua anachofanya. Ukweli ni kwamba hata nikiwa sijauimba nilijua ni mzuri kuliko chochote nilichowahi kuandika. Nilikuonea wivu, Kabula. Baba alimwonea wivu binti yake. Nimeliandika sasa, na mkono haujakatika.

Siku ya misa watu walikuja na magunia na madebe ya mahindi wakicheza kuelekea altareni, kina mama wakapiga vigelegele, padre akashindwa kujizuia akacheza kidogo pale mbele. Wewe ulikuwa safu ya alto, karatasi mbele ya uso. Uliimba mwanzo mpaka mwisho. Baada ya misa watu walinizunguka kunipa mikono, na wewe ukapanga foleni pamoja nao. Ulipofika ukanipa mkono ukasema, "Hongera, baba."

Nikajibu, "Asante, mama."

Nimewahi kugongwa na pikipiki, nimewahi kuibiwa baiskeli sita za wateja kwa siku moja. Siku ile ndiyo ninayoona aibu kuikumbuka.

Kwaya za vigango vingine ziliomba nakala. Nikatoa kopi nikawapa. Mpaka leo unaimbwa, na huenda leo hii asubuhi umeuimba Ntalikwa, umeshika karatasi yenye jina langu, bibi yako akiwa kando yako. Hukuwahi kusema neno. Ila hukuandika tena. Nilikuuliza mara mbili au tatu, kwa sauti ya kupita tu, "Vipi, unatunga siku hizi?" Ukasema masomo yamebana. Mama yako aliwahi kuniambia, "Baba Kabula, huyu mtoto siku hizi hata akifua haimbi." Nikasema amekua. Mama yako mwenyewe alijua tangu siku ya kwanza ya mazoezi. Aliniuliza mara moja tu, "Huo wimbo umeutunga lini?" Nikasema, siku nyingi. Akaendelea kuchambua maharage, hakuniangalia mpaka tulipolala.

Miaka mitatu nimekaa na hilo. Usidhani dhamiri ndiyo iliyoniamsha. Laiti ingekuwa hivyo. Ni jembe.

Wiki mbili zilizopita, mvua za kwanza ziliponyesha, nilimpelekea bibi yako mbegu. Nilimkuta shambani na kikundi chake, wamejipanga mstari, wanapiga matuta. "Wangaluka, mayo," nikamsalimu. Akaitika, kisha akanipa jembe kabla sijashuka vizuri kwenye baiskeli. Mbele ya wale mama huwezi kukataa. Nikaingia kwenye mstari, wakaanzisha wimbo, nami kama mwalimu wa kwaya nikaona hapa ni kwangu. Nikaimba kwa nguvu tangu neno la kwanza. Nikapiga matuta matatu, manne, pumzi ikaniishia, jembe likatua pembeni, chupuchupu kwenye kidole changu cha mguu. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini.

Bibi yako hakucheka. Alisimama akaegemea mpini, akaniambia, "Maganga, unaimba jembe likiwa juu?"

"Naimba wimbo, mama."

"Likiwa juu unanyamaza. Wale wa sauti nyembamba ndio wanaovuta. Wewe mwenye sauti nzito unaingia likishuka. Sasa ukiimba juu na chini, nguvu ya kupiga utaitoa wapi?"

Wakaanza upya. Nikanyamaza, nikasikiliza. Majembe yakapanda, sauti nyembamba zikapanda nayo, na chini kukawa tupu kabisa, mtu unasikia hadi tumbo likisubiri. Kisha yakashuka yote pamoja, na sauti nzito zikashuka nayo. Pigo la kwanza, hakuna. Pigo la pili, wote.

Nikasimama katikati ya shamba na jembe langu. Bibi yako akaniuliza kama nimeumia. Nikamwambia hapana.

Hukuwa umesahau. Ulikuwa umeliandika jembe. Ulikaa kule likizo nzima na mikono yako ikajifunza, na ukayaleta yale matuta mpaka altareni, kwenye wimbo wa kutolea mahindi yaleyale. Nami nikayajaza udongo. Mimi ninayewaambia wageni kwamba babu wa babu yangu alikuwa mpagazi, alipita njia ya misafara hadi pwani na kurudi, na sisi ni watu wa nyimbo tangu enzi hizo, niliusoma wimbo wa kwetu nikauona umekosea.

Nilirudi kibandani, nikatoa trei ya spana. Karatasi yako ilikuwa chini yake. Sikuitupa, nafurahi kwamba angalau sikuitupa. Nikaimba besi yako, jinsi ulivyoiandika, nikijigongea pigo la kwanza kwenye tairi kwa kiganja bila kutoa sauti. Nililia. Mteja aliyekuja kuchukua baiskeli yake aliuliza kama nimejigonga kidole, nikamwambia ndiyo, akanishauri niweke mafuta ya taa.

Leo baada ya misa, wewe ukiwa Ntalikwa, niliwabakiza wanakwaya. Nilitaka uwepo, kisha nikaona ningekuwa nakulazimisha kunisamehe mbele ya watu, na hilo lingekuwa kosa jingine. Niliwaambia: wimbo wa jembe si wangu, ni wa Kabula, aliutunga akiwa kidato cha pili. Mimi niliuharibu besi na nikaandika jina langu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi kuliko hayo, yakapotea. Nikasimama tu.

Kisha Mzee Kashindye akakohoa.

"Tulijua, Mwalimu."

"Mlijua nini?"

"Kwamba si wako. Wewe, kwa heshima zote, hujawahi kutunga kitu kinachotembea." Akavaa kofia yake. "Tulikuwa tunakusubiri useme. Tumesubiri sana, mimi nilishaanza kuogopa nitakufa."

Watu wakacheka, nami nikacheka, na kicheko kile kiliniuma na kunipoza kwa pamoja. Nikagawa nakala mpya, zenye nafasi zako tupu na jina lako kwenye kona. Mara ya kwanza besi waliparamia pigo la kwanza, mazoea. Mara ya pili wakaogopa wakachelewa kuingia. Nikawaambia wasimame, wainue mikono kama wameshika mpini. Watu wazima, na suruali zao za Jumapili, wakainua. Mara ya tatu, Kabula, wimbo wako ukatokea. Siwezi kueleza vizuri. Sauti tatu zilisimama hewani bila kitu chini yake, na kila mtu mle ndani akajua kinakuja kitu, kisha kikaja. Mama yako pale soprano alishindwa kumaliza ubeti. Mimi nilikuwa nimeinua mkono na nilitamani nisiushushe.

Kesho nikishakusindikiza naanza kuzunguka vigango kwa baiskeli, kimoja baada ya kingine, nikusanye kila nakala niliyotoa na kuwapa mpya. Nitaanza Ntalikwa. Watanicheka, na baadhi hawatacheka, hao ndio wagumu. Acha. Nimewaambia uongo kwa kopi, nitasema kweli kwa miguu.

Sasa wewe. Sitakuambia utunge kila siku, sitakupa kanuni. Kanuni zangu umeziona zimefika wapi. Nakuambia tu nilichokiona: nota zangu zote nilizitoa kwenye karatasi, ndiyo maana hazikwenda popote. Wewe ulianza na mikono. Huko Mwanza utasimama mbele ya watoto, utawasikia wanavyotamka herufi kwa pamoja, utawasikia wakikimbia kwenda kwenye bomba la maji. Kama kitu kitakujia, kiache kije. Kikiwa kibaya kimalize hivyohivyo. Mimi zile zisizo na fa nilizimaliza zote, na sizijutii. Na ukimpa mtu akuangalizie, mtu yeyote, hata profesa, mwambie kama ulivyoniambia mimi: auimbe kwanza. Akikataa, chukua daftari lako uondoke. Usiseme sawa.

Na kama hutatunga tena, utabaki binti yangu na nitakuja kukutembelea na kukutia aibu mbele ya walimu wenzako. Lakini nitajua ni nini nilichokichukua, na sitajifanya ni masomo.

Karatasi yako ya kwanza nimeiweka ndani ya bahasha hii. Wino mwekundu haukutoka, nilijaribu, nikaona nitaitoboa. Hiyo kona ya juu kulia sijaigusa, bado iko wazi kama ulivyoiacha. Kwenye zile nakala mpya nimekuandika mimi. Kwenye hii andika mwenyewe, ukiwa tayari, kwa kalamu unayoitaka.

Nimesikia geti. Ni wewe, unamwamkia mama yako, naye anaitikia marahaba huku anakulalamikia matope ya viatu. Namalizia.

Kesho alfajiri stendi nitafunga begi lako, nitagombana na kondakta, nitakagua tairi za basi ambazo hazinihusu. Halafu litaondoka, na utaniona nimesimama pale chini ya dirisha bila kusema kitu. Usije ukajaza nafasi ile kwa mawazo yako, ukadhani baba amesahau.

Sijasahau, mama.

Baba yako,
Maganga